Ng'ombe Wanaporudi Jioni

Usangu, Mbeya

Kaka Ezekiel mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo huko Mlandege? Kifua chako kinaendeleaje na baridi hiyo? Sisi tu wazima, na mpunga umechanua.

Kumbe tulikosea kumkataza baba kuchunga kwa kumhurumia uzee. Daktari anasema kukaa tu kutwa hakumfai mtu aliyeanza kusahau. Atembee, apige soga na wenzake, apunguze chumvi. Sasa kila jioni anakwenda kuwapokea ng'ombe, akiwaita kwa majina.

"Mlinifanya mgeni kwangu," ananitania.

Jana aliwataja wote bila kukosea. Mimi akaniita Nyamizi, jina la marehemu mama. Nikaitika, kaka, nikamshika mkono tukarudi nyumbani.

Wewe bado anakuulizia kwa jina. Tafadhali nijibu mapema, nimsomee.

Dada yako,
Veronika