Tiketi Iliyokuwa ya Mama

Jumanne, 9 Juni. Kumekucha na manyunyu na upepo wa baridi. Kufikia saa nne jua limetoka, lakini halina nguvu.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa pale dirishani unapopapenda, miguu umeifunika na chai haijapoa. Huku mimi mzima, ukiacha mafua yangu ya kila mwaka na paka wa jirani ambaye bado anajihesabu kuwa wa kwetu. Nisalimie kaka na wifi. Mjukuu wako anayekusomea, mwambie leo aishie hapa kwenye salamu, akukabidhi karatasi pamoja na miwani. Yanayofuata ni ya mimi na wewe.

Ningeweza kupiga simu, lakini unazijua simu zetu. Nikianza neno lenye uzito unasema "sisi hatujambo kabisa," kisha unampa mtoto anisalimie. Kwa hiyo naandika.

Kazini tunaendelea. Mwenye duka bado ananuna mtu akiingia kuuliza bei ya fremu za miwani halafu akatoka mikono mitupu. Wiki jana alikuja fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, akalalamika kwamba tangu tumtengenezee miwani anamwona mkewe amezeeka. Mwenye duka akamjibu kwamba miwani haina kasoro, na amshukuru Mungu mkewe hajaja kupimwa macho. Tulicheka mpaka fundi mwenyewe akashika ubavu.

Chumba chako kiko kama ulivyokiacha ulipohamia huko kwa kaka. Shuka nabadilisha kila mwanzo wa mwezi, na cherehani yako naipaka mafuta. Shangazi alipokuja nilimlaza kwenye kochi kama wageni wengine wote, akaamka na mgongo umekakamaa. Akasema hata makumbusho mtu hulipa kiingilio akaona, lakini chumba cha wifi yake hakionekani hata kwa pesa. Nilimwambia unakuja, na kitanda lazima kikukute kimetandikwa. Akageuza maneno, akaomba chai.

Sasa nije kwenye ile kadi ya benki. Nakumbuka nilipokuandikia mara ya kwanza kwamba nimechukua kadi ya mkopo ulijibu kuwa hilo ni deni lililovaa suti. Nikakueleza nisivyolipa riba, kwa sababu kila nilichonunua nakilipa chote kabla ya tarehe ya mwisho. Nikakueleza pia kwamba kila manunuzi yanaleta pointi, na pointi zikitosha zinageuka tiketi ya ndege. Mwenye duka alikubali hata lenzi za dukani nizinunue kwa kadi yangu, anirudishie fedha siku hiyohiyo. Tangu hapo kila barua nimekuandikia pointi zimefika wapi, na kila jibu lako limesema, "Endelea tu, Bi Tarehe wangu, mimi huku napanga sanduku."

Mwezi uliopita benki walileta masharti mapya. Kurasa nyingi, herufi kama sisimizi. Nilizisoma dukani kwa ile lenzi ya kukuzia tunayokagulia mikwaruzo. Ada ya mwaka inapanda kuanzia Julai. Manunuzi yaleyale yataleta nusu ya pointi za zamani. Atakayechelewa kulipa hata siku moja atatozwa faini juu ya riba. Na mwisho kabisa, tiketi ya pointi itakuwa ya mwenye kadi, au ya mume au mke wake, basi. Mzazi hayumo.

Nilielewa kwamba mlango umeshafungwa. Ijumaa nikaomba ruhusa nikaenda benki nikathibitishiwe.

Nilihudumiwa na binti mmoja mwenye kucha ndefu za buluu, mchangamfu, ananiita mama ingawa sidhani nimempita miaka kumi na mitano. Aliniuliza kama nina mume. Nikamjibu kwamba ninayetaka kumsafirisha ni mama yangu, mume sina, na hata ningekuwa naye angesubiri zamu yake. Alicheka akazungusha kompyuta nione. Akanionyesha kwamba nimesoma vibaya. Masharti yale yanaanza mwezi ujao. Mpaka tarehe thelathini ya mwezi huu bado naweza kumkatia tiketi yeyote nimtakaye, na pointi zangu zinatosha, tena zinabaki. Akasema tufanye sasa hivi, kesho mfumo unaweza kusumbua. Akaweka vidole tayari, akaniomba jina kamili la mama.

Mama, sikuweza kulitaja.

Yule binti alidhani nimesahau, akaniambia kwa upole nisijali, wengi huwajua mama zao kwa jina la mama tu. Nyuma yangu mtu kwenye foleni alikohoa kwa makusudi. Ndipo nilipotambua kilichonipeleka benki. Nilienda nikitumaini kukataliwa. Ningerudi nikakuandikia kwamba benki wametuharibia mipango, wewe ungewalaumu, mimi ningewalaumu, na hakuna kati yetu ambaye angelazimika kusema lililo kweli.

Lililo kweli nalijua, Mama. Nalijua tangu mwaka jana. Wifi alikuwa akinisimulia jinsi mnavyosaidiana kupanda ngazi, likamponyoka kwamba kwa mguu ule, damu ilivyoganda, daktari amekukataza kabisa safari ndefu za ndege. Alipogundua sikuwa nikijua aliniomba nisimchongee, maana umewaapisha wote nyumbani kwamba nisiambiwe. Usimgombeze. Alidhani umeshaniambia mwenyewe.

Usiku ule niliandika kwenye shajara yangu, ile iliyofanya uniite Bi Tarehe, mstari mmoja: Mama haji. Asubuhi yake nikaenda kazini nikanunua lenzi kwa kadi, na mwisho wa mwezi nikakuandikia pointi zimepanda. Ningeachaje? Wewe ulikuwa unapanga sanduku kwa ajili yangu, nami nikawa nakusanya pointi kwa ajili yako. Niliogopa nikisema ninajua, hatutakuwa na cha kuandikiana isipokuwa mvua na mafua.

Lakini nimechoka kukungoja mahali ambapo huwezi kufika. Naisikia sauti yako ukiita kutoka jikoni, nageuka, na ni redio ya jirani. Nimetamani kukaa karibu nawe hata tusiongee, wewe unashona, mimi nakutungia uzi kwenye sindano.

Yule binti wa benki ndiye aliyenitoa pale. Aliuliza, kwa namna ya kupitisha muda tu, kwani mimi mwenyewe sina ninakotaka kwenda. Nikamtazama kama mtu aliyenivua miwani ya mwingine. Nikamtajia jina langu, herufi kwa herufi.

Ninakuja mimi, Mama. Tarehe kumi na nane mwezi ujao. Mwenye duka amenipa wiki tatu, akiguna kama ninambomolea nyumba. Nikirudi nitaifunga kadi kabla hawajanitoza hiyo ada yao mpya mwisho wa mwaka, maana nilichokuwa nakitafuta kwayo nimekipata. Nitabeba vile vibisibisi vyangu vidogo, nikukaze miwani, wifi anasema inakushuka puani. Sanduku lako lifungue, nguo zirudi kabatini. Na usinifiche mguu. Nitaukanda mwenyewe.

Shangazi anakusalimu, na mgongo wake pia. Pokea busu la mkono wako wa kulia, ule wenye alama ya pasi.

Ni mimi mwanao,
Bi Tarehe

Jumatano asubuhi, kabla sijafunga bahasha. Mawingu, hakuna mvua. Jana usiku niliingia chumbani kwako kuchukua begi lililo chini ya kitanda. Nikaketi kidogo kulifuta vumbi, kisha nikajinyoosha juu ya shuka zako safi, na taa sikuizima. Usingizi ulinichukua hapohapo saa saba na nusu usiku, nikaamka kumekucha.