Karani Hataki Kunyamaza

Tarehe 4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Na lile jicho lililoingiwa na chembe ya bati, limepona? Sisi ni wazima, tena zaidi ya wazima, kama kuna neno la kusema hivyo.

Baba, kumbe ndoa ni tamu hivi na hakuna aliyeniambia! Mwoka mikate wangu (siku hizi namwita hivyo hata mbele za watu) anatoka alfajiri kwenda kwenye tanuri, anarudi saa sita na mkate wa moto ameufunga ndani ya fulana yake. Juzi alikuwa na unga kwenye kope. Nikasimama mlangoni nikimtazama mpaka akauliza, "Vipi, nimekosea nyumba?" Tuna vyumba viwili, dirisha moja la uani na pazia la njano nililolishona mwenyewe, na kila nikiamka naona kama nimeazimwa maisha ya mtu mwingine.

Ila Karani. Baba, huyu kasuku wako uliyetupa siku ya harusi anapiga mayowe! Si kuongea, ni mayowe, kama geti la chuma linaloburutwa kwenye saruji. Anaanza saa nane mchana, mwoka mikate wangu akishajinyoosha tu kitandani, anaacha saa kumi. Nikikimbia kumtazama, anainamisha kichwa nimkune, kama vile hakuna lililotokea. Mama mwenye nyumba, ambaye tunatenganishwa naye na ukuta mmoja, amekuja mara mbili. Mara ya pili alisema, "Bibi harusi, nakupa mpaka mwisho wa mwezi wa tatu. Ndege anyamaze, au aondoke, au muondoke naye. Mimi nilipangisha watu wawili, sikupangisha king'ora."

Kwako alikuwaje? Ulikuwa unamtuliza vipi? Ningekupigia, lakini unajua mwenyewe usivyotaka simu.

Akupendaye sana,
Binti yako


Tarehe 15 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Jicho limepona. Mgongo ni ule ule.

Karani hakuwahi kupiga mayowe hapa. Miaka sita nimekaa naye, ni ndege mtulivu. Mara moja moja husema neno. Labda nyumba yenu ina jambo. Angalieni kama kuna panya.

Mfunikeni kwa kitambaa. Mpeni kipande cha mti laini atafune, asikae bure.

Asirudishwe huku.

Msalimie mumeo.

Baba yako


Tarehe 27 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima na nyundo mkononi, maana ndiyo salama yako. Sisi tunaendelea kupendana.

Nyumba yetu ina jambo? Baba, nyumba yetu ina mapenzi tu, na panya hawana pa kukaa! Kitambaa tulimfunika, akapigia mayowe humo humo ndani. Mti aliutafuna siku moja, siku ya pili akamaliza mwiko wangu mpya wa harusi. Nimemwimbia, nimemkemea, nimempa karanga anyamaze. Akimaliza karanga anapiga tena, nampa nyingine. Mwoka mikate wangu analala na pamba masikioni, na hata hivyo ni mzuri, lakini juzi alisinzia akiwa kazini akaunguza trei nzima. Hakulalamika. Alisema tu, "Mke wangu, nampenda ndege wako. Nampenda zaidi akiwa kwa baba yako."

Kwa nini asirudi, hata mwezi mmoja tu? Zimebaki siku thelathini na mbili. Kuna jirani mwenye duka nyuma ya nyumba yetu anamtaka, amfungie stoo awatishe vibaka. Nikimfikiria Karani huko gizani nalia.

Na jambo jingine. Mama mkwe bado ana kinyongo. Anasema siku ya harusi alikusalimu mara tatu pale kwenye viti na hukugeuka. "Baba yako ana maringo ya kufa mtu." Nikamwambia, baba yangu? Baba anayewaamkia hata watoto wa shule?

Binti yako


Tarehe 16 Machi

Baba,

Shikamoo. U mzima? Sijapata jibu lako. Labda barua imechelewa, labda umenikasirikia.

Nimemwona daktari wa mifugo. Amezoea ng'ombe na mbuzi, alicheka kwanza nilipomweka Karani juu ya meza. Akamkagua mabawa, kucha, koo. Hana ugonjwa. Kisha akaniuliza, "Akipiga kelele unafanya nini?" Nikasema nakimbia. "Akisema kwa sauti ya chini?" Nikasema sijui, naendelea na kazi zangu. Akasema, "Basi unamlipa mshahara. Lakini hukuanza wewe. Kasuku hazaliwi na sauti hii. Alikaa na mtu ambaye sauti ndogo haikumfikia, akawa anaongeza, akawa anaongeza, mpaka akajibiwa."

Nilirudi nyumbani nimempakata, sioni njia. Saa nane mpaka saa kumi ni ile saa unayoweka nyundo chini ukakaa naye. Mimi miaka hiyo sita nilikuwa bwenini, kisha kazini, nikija kwako siku mbili na kuongea peke yangu kama redio, nikiona unatabasamu. Nikaikumbuka simu. Nikamkumbuka mama mkwe kwenye viti.

Baba, husikii. Sivyo?

Hukuniambia mimi, lakini Karani alijua, na alikuwa akikupigia kelele kwa mapenzi.

Nimeanza alivyonifundisha daktari. Akipiga mayowe, hakuna anayemtazama, hata kwa jicho. Akisema kwa sauti ya chini, naruka. Siku nne za kwanza alizidi maradufu na mama mwenye nyumba aligonga ukuta kwa ufagio. Jana, baada ya mayowe marefu, alinyamaza, akapiga mluzi mmoja mdogo, kama anayejaribu kitu. Nilikimbia mpaka nikajigonga kidole kwenye jiko. Zimebaki siku kumi na tano.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Binti yako


Tarehe 24 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne.

Sikio la kushoto lilikwisha mwaka uliokwenda bwenini. La kulia linafuata. Ni miaka thelathini na mmoja ya nyundo juu ya bati, sikutegemea tofauti. Wateja nawatazama midomo. Wakigeukia pembeni nasema ndiyo. Mara nyingi inatosha.

Nilipoandika kwamba hakupiga mayowe, sikukudanganya. Mimi nilikuwa na kasuku anayesema neno moja moja kwa sauti ya kawaida.

Mwezi wa kumi kikombe chake cha maji kilipinduka. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, nimempa mgongo, nakunja vipini vya ndoo. Jirani aliingia bila kubisha, au alibisha. Aliniambia ndege analia tangu jana asubuhi. Nilipogeuka, mdomo wake ulikuwa wazi na ulimi umekauka.

Kwa hiyo haikuwa zawadi ya harusi. Nilitaka akae na watu wanaosikia.

Mama mkwe wako sikumwona akinisalimu. Mwambie hivyo.

Endelea na njia ya daktari.

Baba yako


Tarehe 2 Aprili

Baba yangu, baba yangu,

Shikamoo mara kumi. Nimemsomea mwoka mikate wangu barua yako. Alikwenda kumjazia Karani maji, na kikombe kilikuwa kimejaa tayari.

Karani anabaki! Juzi mama mwenye nyumba alikuja saa nane kamili, akavuta kiti akakaa, mikono kifuani kama hakimu. Karani alimtazama kwa jicho moja, akasema taratibu, "Haya bwana." Basi. Jana alisinzia mchana kutwa, na saa tisa mlango ukagongwa, ni yeye tena: "Mbona kimya? Mmemfanya nini ndege?" Baba, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mama mkwe nimemwambia. Alifunika uso kwa mikono, kisha akasema atakuja kukusalimu mwenyewe, mbele ya macho yako. Tunakuja Jumapili ya tarehe ishirini, yeye, sisi wawili na Karani.

Lakini kuna jambo linaniuma. Miaka yote nikija kwako na kubisha hodi, nikisimama pale nje, nilidhani unachelewa kufungua kwa sababu ya mgongo.

Binti yako


Tarehe 11 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Hapa ni salama.

Kifurushi hiki ni cha Karani. Ni kibao nilichokikata kwenye mfuniko wa sufuria kuukuu. Bati langu la kazi lina zinki, akilitafuna litamdhuru. Kingo nimezikunja. Akivuta mnyororo, kibao kinainuka. Mfundisheni avute maji yakiisha. Siku akikaa kwangu, nitakiona.

Nimetengeneza kingine kikubwa, nikakipaka rangi nyekundu. Kiko ukutani mbele ya meza ya kazi. Kamba yake imepita juu ya dari mpaka nje ya mlango. Jirani amekijaribu mara tisa, anakifurahia kuliko mimi.

Jumapili msipige hodi. Vuteni kamba.

Baba yako