Maombi Yaliyosikika Darasa Zima

Kabiria, Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Goti limeacha kukusumbua? Na yule ng'ombe wa madoa, amezaa? Mimi huku Mungu ameniweka, na leo nina furaha hata mkono hauandiki sawasawa.

Unakumbuka ulivyonicheka, "Nekesa, shule gani haina geti?" Basi jana hiyo shule isiyo na geti ilinipa mtihani wa mwisho wa ualimu wa chekechea: kufundisha somo zima kwa kompyuta, mkufunzi na wenzangu wakinitazama, kila mmoja akiwa kwake. Mara ya kwanza nilianguka. Picha zilikataa kufunguka, nikabaki nabonyeza bonyeza tu. Nikianguka tena, mwaka mzima narudia. Kwa hivyo wiki mbili, nikitoka kushona Ngara, nilifanya mazoezi mpaka vidole vikajua njia.

Saa nne kamili, nikiwa chumbani kwangu, nikaingia darasani kwa kompyuta. Mara mwenye ploti hii tunayopanga, Mama Wairimu, huyo mlangoni na kitambaa kichwani.

"Wee! Utaanzaje kitu kama hiki bila maombi?"

Nikabonyeza kuzima maiki, tukafumba macho. Huyu mama akishika maombi haachilii! "Baba, mguse huyo mkufunzi! Lainisha huo uso wake, maana Nekesa anasema hajawahi kucheka tangu kozi ianze!"

Nikasema amina. Kompyuta nayo ikajibu, "Aminaaa!" Darasa zima! Woi, Mama! Kumbe nilikuwa nimezima kamera, maiki ikabaki wazi. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Nikawasha kamera. Mkufunzi alikuwa anapangusa machozi ya kicheko.

"Uso umelainika," akasema. "Haya, mwalimu, tufundishe."

Picha zikafunguka zote! Niliwahesabisha punje za mahindi vile ulivyonihesabisha mimi jikoni, na watu wazima wakaitikia kwa kelele. Nimepita, Mama! Nimepita! Mama Wairimu alipiga vigelegele mpaka ploti nzima ikatoka nje, na sasa anadai nusu ya cheti ni yake.

Nisalimie Baba, na dada Nafula, na yule shemeji mwenye simu kubwa. Jumapili mkitoka kanisani kaa na simu yake, nitapiga video. Kitufe cha kijani ndicho cha kupokea. Na usichelewe, Mama. Geti hatuna, lakini mwalimu ni mimi.

Binti yako,
Nekesa