Baba Neema wa Mafaili Mawili

Jumapili, baada ya chai

Na anajiita mtaalamu! Shemeji Petro amekuja leo na laptopu yake kutuonyesha mti wa ukoo. Ametugawa kwa kata kama mtu anayegawa mbolea ya ruzuku: faili la Tumati, faili la Bashay, faili la Masieda. Kana kwamba watu wa ukoo huu hawajawahi kuhama.

Sasa marehemu mume wangu, aliyezaliwa Tumati na kuzikwa hapa Bashay, yumo mara mbili. Petro alipounganisha mafaili wakatokea wawili. Wa Bashay ana mke, watoto watatu na msalaba pembeni ya jina. Wa Tumati hana msalaba. Programu inasema yu hai na hajaoa.

"Shemeji, lazima mmoja afutwe," akasema huku akitafuna mahindi yangu. "Nifute yupi?"

"Hivi ndivyo mlivyofundishwa chuoni?"

"Programu ndiyo imekosea, shemeji."

"Kwa hiyo programu ndiyo iliyokutuma utugawe kwa kata?"

Binti yetu Neema akacheka mpaka chai ikampalia.

Nilimtazama yule aliye hai kwa muda mrefu. Nakiri nilitaka abaki. Lakini huyo hajawahi kunywa uji wake akiwa amesimama mlangoni, akiangalia ng'ombe. Hamjui Neema. Mimi mwenyewe hanijui.

"Mfute aliye hai," nikamwambia.

Petro akabonyeza mara moja, kisha akaomba hindi jingine.