Baba Mkubwa wa Kulipwa

Jumanne, Juni

Ilikuwa kazi ya siku moja tu: kusimama kama baba mkubwa wa kijana nisiyemjua, siku ya kutoa mahari kule mtaa wa Forest, huku ugenini, kwa kuwa wazee wake wako Lubumbashi. Alinilipa vizuri.

Leo nilimwomba binti yangu ayaandike mapato hayo kwenye fomu yangu ya kodi. Sitaki kufa nikiwa nimeyaficha.

“Papa, niandike nini? Baba wa kukodi?” Akacheka. “Bon, nani atauliza?”

Nikamwambia wakwe wa yule kijana bado wanaamini mimi ni baba yake mkubwa. Angalau serikali ijue ukweli.

Kabla sijaipata miwani yangu nisome, alikuwa ameshaituma fomu kwa simu yake, bila mapato yale.

Akanifunika blanketi. Nami, sijui kwa nini, nikamwambia asante.