Mkwe Aliyenichungulia Jicho

Chimala, 6 Machi 1977

Regina mwanangu,

Hujambo huko Ipogolo? Wajukuu zangu hawajambo? Mimi mzima, kasoro jicho. Anayeandika ni Bartolomeo katekista, anasema niseme kwa kifupi, na mimi nimemwambia aandike vyote. Ng'ombe za kaka yako zimeingia kwenye mpunga wa watu, hayo nitakwambia siku nyingine.

Ni jicho la kushoto. Jumatatu nimeamka naona moshi katikati. Nikimwangalia mke wa kaka yako naona mabega, uso hakuna. Haliumi, halitoi usaha. Zahanati wamenipa dawa ya kupaka, nimepaka mpaka tyubu imekwisha, moshi uko palepale. Afadhali lingeuma, watu wangeniamini. Wanasema ni uzee. Uzee gani huo unaingia usiku mmoja, jicho moja?

Niulizie huko, lakini mume wako usimuulize.

Mama yako

Ipogolo, 17 Machi 1977

Shikamoo mayu,

Sisi wazima, watoto wanakusalimia. Nimemuuliza, nisamehe. Ningemuuliza nani, na mume wangu Bujiku ndiye mtu wa macho hospitalini? Anasema huenda mshipa wa damu nyuma ya jicho umeziba, maji na damu vinavuja, pale pa kuonea pamevimba. Dawa ya kupaka haifiki huko. Lazima mtu achungulie ndani kwa taa, na upimwe presha haraka, maana ikiwa juu, jicho la pili nalo linaweza kufuata. Daktari mkubwa alipita mwezi uliopita, atarudi Agosti. Kwa sasa anayejua kuchungulia ni Bujiku peke yake.

Njoo, mayu.

Binti yako

Chimala, 2 Aprili 1977

Regina,

Natumaini hamjambo. Mimi umenikasirisha. Mkwe anichungulie? Tangu akuoe, akija hapa natoka kwa mlango wa nyuma. Nikimkuta njiani naingia kwenye majani, hata siku ile ya matope, na nina gauni jipya la Pasaka. Sisi Wasukuma hatukuacha heshima kule tulikotoka, tulikuja nayo huku pamoja na ng'ombe. Leo nikae naye pua kwa pua, kwenye chumba cha giza, ananimulika? Bartolomeo anasema hospitali hakuna mkwe. Nimemwambia, mama mkwe wako yuko wapi? Akasema tuendelee na barua.

Nitasubiri Agosti.

Mama yako

Ipogolo, 21 Juni 1977

Shikamoo mayu,

Habari za siku nyingi? Nimeandika mara mbili, hujajibu. Kaka anasema unamimina uji pembeni ya bakuli, na unasema ni bakuli limesogea. Bujiku halali vizuri. Yeye pia anaona aibu, mayu, siyo wewe tu. Tumeelewana hivi: utajifunika kanga, nimeitoboa tundu moja la jicho. Mimi nitasimama katikati yenu.

Usiponijibu nitakuja kukuchukua.

Binti yako

Chimala, 10 Julai 1977

Regina mwanangu,

Nimerudi nyumbani salama kutoka kwenu, ila basi lilikaa Makambako mpaka miguu ikafa ganzi. Mmeamkaje huko? Bartolomeo amecheka hiyo kanga mpaka ameweka kalamu chini. Nimemwambia andika. Nimefunikwa kama maiti, jicho moja nje, na wewe unapeleka maneno. "Mwambie mama aangalie juu." "Mwambie huyo mtu naangalia." Nikasikia taa inagongagonga mezani, kumbe naye anaogopa kunisogelea.

Sasa hasira yangu ni hii. Nimevua heshima ya miaka yote, natoka na nini? Vidonge vya presha, na chumvi nisile. Dawa ya uvimbe wenyewe hakuna. Eti mashine ya mwanga ipo, lakini ipo Ulaya. Nyuma ya jicho langu pamejaa maji, na mimi nakula mboga isiyo na ladha. Hili la kushoto ndiyo basi, nimeelewa, usinifiche tena. La kulia ndilo tunalolinda. Vidonge nameza. Mwambie kaka yako aache kunichungulia mdomoni.

Agosti nakuja kupimwa. Kanga usiilete. Huyo mtu ameona mpaka mishipa ya ndani ya jicho langu, na mimi mpaka leo sijui hata kama ana ndevu. Akae dirishani, kwenye mwanga, asikimbie. Na mimi nimwangalie, wakati hili moja bado lipo.

Mama yako