Neno "zaidi" lilivyomponza Kadzo

Alhamisi, Juni 1986. Muyeye.

Mvua tangu alfajiri. Nimerudi kutoka shule na viatu mkononi, moyo hautulii.

Jana nilimchapa mtoto asiye na kosa.

Kadzo ni msichana mpole wa darasa langu la tatu. Jana niliwasomea hesabu hii: shule ilipanda mikorosho kumi na minne na minazi tisa, mikorosho ni mingi zaidi kwa mingapi? Karibu nusu ya darasa wakaandika 23. Nikaeleza tena, wakaandika 23 tena. Mara ya tatu nikachukua fimbo, nikawaita mbele wote walioandika 23. Kadzo alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono achapwe. "Lakini mwalimu, umesema zaidi," akaniambia. Nikaona ananijibu, nikamwongeza moja.

Moja ya ujeuri.

Leo mvua ilipiga mabati hata sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Singeweza kusoma swali, wala kufoka. Nikachukua chaki, nikachora grafu: nguzo mbili za miraba, kila mraba mti mmoja. Mikorosho, miraba kumi na minne kwenda juu. Kando yake minazi, tisa. Pale palipopungua nikaweka alama ya kuuliza, kisha nikampa Kadzo chaki.

Akapanda juu ya kiti, akavuta mstari kutoka kilele cha minazi hadi kwenye mikorosho, akahesabu miraba iliyobaki juu ya mstari. Akaandika 5. Chini yake, bila kuambiwa, akaandika 14 – 9.

Mvua ilipopungua nilimwuliza kwa nini jana alijumlisha.

"Nyumbani mama akisema tia maji zaidi, naongeza," alisema. "Nawe ulisema zaidi."

Miaka minne nafundisha hesabu hizi, na sikuwahi kulisikia neno hilo kwa masikio ya mtoto. Nilidhani hawajui kutoa. Kumbe wanajua, kilichowapoteza ni swali langu.

Nikamwambia mbele ya darasa zima, "Kadzo, jana nilikuchapa bure. Niwie radhi."

Hakuna aliyecheka. Nadhani hawakujua kama mwalimu anaruhusiwa kusema vile. Hata mimi sikuwa na hakika.

Kadzo akatazama chini, kisha akauliza polepole, "Na Karisa, mwalimu? Na Mbeyu?"

Wote wawili niliwachapa jana kwa 23 ile ile, na walikuwa pale pale, wananitazama. Kengele ikalia, nami nikaishukuru. Nikakusanya vitabu nikatoka.

Hilo ndilo linaloniuma jioni hii, kuliko hata fimbo yenyewe. Mtoto mmoja nilimwomba radhi nikajiona mwungwana, kisha nikawakimbia wengine.

Nimekaa nikawakumbuka mmoja mmoja, dawati kwa dawati. Ni kumi na saba.

Kesho kipindi cha kwanza ni changu. Nitaanza na Karisa.